Mama Jumwa wa Mikindani, Aliyemrudisha Mtoto kwa Kumgombeza

Alizaliwa mwaka 1949 pande za Kaloleni, binti wa Kazungu, akaletwa Mikindani akiwa mke. Mume alifariki upesi, na mtoto hawakujaliwa. Kanisa halijamtangaza mtakatifu, wala sisi hatulitangulii. Ila muulize yeyote wa jumuiya yetu, atakwambia kwamba kwa Mama Jumwa tuliuona utakatifu kwa macho, na kuusikia kwa masikio pia, maana mama yule alikuwa na mdomo, usiseme.

Wito wake ulianza alipojitolea kukaa na watoto wagonjwa ili mama zao walale kidogo. Aliwaosha, akawanywesha uji, akawaombea, na kuwagombeza hakuchoka. Hilo ndilo lililomletea majaribu. Wanawake walimshtaki kwa katekista Kefa kwamba anawapigia wagonjwa kelele, naye Kefa akamwamuru: ama asali kwa sauti ya chini, ama akae kwake. Ilimuuma, akalia, lakini alitii.

Mwaka 2018 Lavender, mtoto wa miaka saba wa jirani yake Phoebe, alipandwa na malaria kichwani. Daktari alisema dawa imeshaishinda homa, kilichobaki ni mtoto kuamka. Hakuamka. Tukakizunguka kitanda, tukamwimbia kwa upole na kumwita mpenzi, malaika, ua letu.

Huko alikokuwa, kama alivyotusimulia mwenyewe baadaye, alikuwa akitembea katika nchi ambako mvua hupanda kutoka ardhini na kunguru hurudisha kila walichoiba. Nyumba zilijengwa kwa kaimati. Wazee walimwamkia yeye shikamoo, naye akaitika marahaba kwa madaha. Wote walimwita mpenzi. Mwishowe paka mnene aliyevaa kanzu alimwekea kiti, akamwambia kwamba akikikalia hatainuka tena, kazi yake itakuwa kula tu. Nyimbo zetu alizisikia, maskini, akadhani ni kwaya ya kunguru. Kumbe sisi ndio tuliokuwa tukimbembeleza akae.

Mama Jumwa alisali kwa kunong'ona, kama alivyoamriwa. Lakini alipomwona Phoebe ameanza kukata tamaa, uvumilivu ulimwisha. Alimwinamia mtoto, akapaza sauti ikasikika hadi nje.

"Wewe Lavender! Mama yako hajala tangu jana kwa ajili yako, nawe umelala tu. Amka!"

Katika nchi ile hakuna aliyewahi kumgombeza. Mtoto alijua papo hapo kwamba sauti hiyo ni ya kwao, akakiacha kiti.

"Abee, nyanya," akaitika, na macho yakafunguka.

Phoebe alikaa sakafuni, akawa analia huku anacheka. Sote tulimshukuru Mungu. Kefa alimwomba Mama Jumwa radhi mbele ya watu. Yeye akamuuliza mbona amesimama tu wakati mtoto anataka uji.

Tangu hapo akina mama wa huku hawaoni haya kumwita mgonjwa kwa sauti ile ile wanayomwita nayo kila siku. Mwaka 2023 zamu ya kuugua ikawa ya Mama Jumwa mwenyewe. Tulipokuwa kando ya kitanda chake, mwanamke mmoja alianza kumpigia kelele aamke, asituache. Lavender, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, alimshika mkono.

"Msimgombeze nyanya," alisema. "Amefanya kazi ya kutosha."

Tukaimba polepole, naye akaenda kwa amani. Mungu atujalie moyo kama wake, na pale inapobidi, mdomo kama wake.