Ng'ombe Kumi Wako Zizini, Mmoja Bado

Saa moja asubuhi, Théoneste Nsabimana amesimama katikati ya mawe ya volkano huko Keshero, nyundo begani, macho ameyafumba. Midomo inamchezacheza. Cédrick, mvunja mawe mwenzake, anawasha sigara na kumtania kwa jina la binti yake.

“Papa Niyigena ameanza misa yake.”

Si misa. Théoneste anaingiza ng'ombe zizini.

Ana miaka hamsini na miwili, na leo ni siku ya kumi na tisa hajagusa sigara. Hamu ikimkaba, hurudi kwa mawazo kwenye kilima chake cha Masisi, alikokuwa mfugaji zamani, akasimama kwenye mlango wa zizi na kuwaita ng'ombe wake kumi na mmoja kwa majina. Gaju hutangulia. Gitare, mvivu yule, haingii mpaka apigwe kofi la mgongo. Wa kumi anapopita, hamu huwa imelegea.

Kazi yenyewe inamla mtu polepole. Siku nzuri humpa faranga elfu nane, na vumbi la bure. Zamani sigara zilinunuliwa kabla ya unga. Lakini kilichomshtua si pesa, ni kifua cha binti yake.

Niyigena ana miaka sita. Yeye na wazazi wake wanalala chumba kimoja cha mbao mtaani Mapendo, na mtoto hupumua kama anayepanda mlima. Mwaka huu amelazwa mara tatu. Mara ya mwisho muuguzi, Mama Katungu, alimvuta Théoneste kando.

“Papa Niyigena, uyu mutoto iko anavuta sigara yako. Siku ingine utamuleta hapa, tutashindwa.”

Akamfundisha: hamu ikija, afumbe macho, aone mahali anapopapenda, asitoke huko mpaka ipite.

“Nilisema ni mambo ya bazungu,” anakiri Théoneste. “Nikajaribu kuona ziwa, nikaona moshi tu. Siku ya tatu nikaona ng'ombe zangu.”

Taabu ni yule wa kumi na moja, Bihogo. Watu wenye bunduki walipoiswaga mifugo yake, Bihogo aligoma kwenda. Walimchinja palepale na kuchoma nyama, Théoneste mwenyewe amekalishwa chini anatazama.

“Mumoja akanipatia sigara. Akasema, ‘Muzee, usilie, vuta.’ Njo hiyo ilikuwa sigara yangu ya kwanza.”

Ndiyo maana Bihogo akikaribia mlango, Théoneste huona damu, na mkono wake hujikuta mfukoni. Ameanguka hapo mara mbili. Mara ya pili, kabla ya siku hizi kumi na tisa, alirudi nyumbani akidhani amesukutua vizuri. Niyigena alinusa, akachukua blanketi lake, akaenda kulala mlangoni penye upepo. Mpaka leo analala hapo, na hilo linamuuma baba yake kuliko nyundo yoyote.

Majina yote mtoto anayajua. Kila jioni huuliza nani wameingia.

“Akaniuliza, ‘Na Bihogo?’ Nikamuambia iko njiani. Ningemuambia nini ingine?”

Cédrick anamnyooshea kipande cha sigara. Théoneste anatikisa kichwa bila kufumbua macho. Jasho linamtiririka. Hatimaye anafumbua na kuishika nyundo.

Anaulizwa: Bihogo ameingia?

“Hapana. Iko inje, iko inaniangalia. Lakini leo sikukimbia, nimemuachia mulango wazi.” Anapiga jiwe, linapasuka. “Siku ataingia, njo siku nitamuambia mutoto arudishe blanketi yake karibu yangu.”