Mama Mwanamvita na azimio la mboga

Sufuria limefunikwa kwa bati, bati limekandamizwa kwa tofali, na maksai aliyemo ndani bado hajakubali kuiva. Ni saa nne asubuhi. Moto uliwashwa saa kumi na moja alfajiri.

Mwanamvita Amri anafunua, anachoma pande moja kwa uma mrefu, anatikisa kichwa, anafunika tena.

“Huyu amelima Mbozi miaka kumi na miwili,” anasema. “Wewe unadhani ataiva upesi kama kuku? Ana kiburi cha mstaafu.”

Mama huyu wa miaka arobaini na mmoja, mzaliwa wa Pangani, ni mpishi mkuu wa shule moja ya bweni ya wavulana, njia ya kwenda Iyula. Ana vijana mia tatu na ishirini wa kulisha. Mwaka huu wa 1978 amejitwisha kazi ambayo hata wazazi wao wangeikimbia: kuwashawishi wale nyama kidogo.

Alifika Tunduma mwaka 1969, akimfuata mumewe Saidi, dereva wa lori la mizigo ya Zambia. Akawa anawapikia madereva pale mpakani. Siku moja Saidi akavuka na shehena ya saruji. “Lori lilirudi,” anasema Mwanamvita. “Yeye hakurudi. Nasikia amenenepa.”

Shuleni aliajiriwa mwaka 1973. Ni kibarua, analipwa shilingi mia mbili na themanini kwa mwezi, na shule ikifungwa hapati kitu. Ana watoto wanne. Hapo ndipo habari ya nyama inapoanzia.

Shule hula nyama Jumatano na Jumamosi. Ng’ombe wakongwe hununuliwa vijijini, na wakisubiri zamu yao huchungwa bondeni, kwenye kijisitu chenye chemchemi ya shule. Wanakula miche, wanakanyaga chanzo cha maji. Na kwa kuwa mzee haivi haraka, wanafunzi hukata miti ya kijisitu hicho hicho kupata kuni za kumchemshia.

Oktoba mwaka jana chemchemi ilikauka. Shule ikafungwa siku ishirini na tatu. Kidato cha Nne walirudishwa makwao na madaftari yao, mtihani ukiwa mlangoni, na wengi walifeli.

“Mimi na wanangu tulikunywa uji siku ishirini na tatu,” anasema. “Asubuhi uji. Jioni uji wenye chumvi, ili tujue kuwa ni jioni.”

Maji yaliporudi alikwenda kwa Mkuu wa Shule, Mwalimu Mbonile, akamwomba aondoe nyama ya Jumatano. Ng’ombe wapungue, kuni zipungue, bonde lipumue. Mwalimu Mbonile akamjibu kwamba mambo ya chakula huamuliwa na baraza la wanafunzi, naye hataki kuingia katika historia kama mtu aliyewanyang’anya vijana nyama.

“Mwalimu mmoja akaninong’oneza, Mama, ukisimama mbele yao usilitaje neno nyama, watapandisha mori,” anasimulia. “Nikamsikiliza. Ndipo nilipojichimbia shimo.”

Mwezi Juni alisimama mbele ya baraza, akasema maneno machache: “Wanangu, siku ya Jumatano nataka niwaongezee mboga. Mnakubali?”

Mikono yote ilinyanyuka. Walipiga makofi mpaka mama wa watu akatokwa na machozi. Katibu akaandika: Baraza limeazimia kwa kauli moja kwamba mboga iongezwe.

Jumatano vijana walikuja na sahani kubwa kubwa, wengine wameazima mabeseni. Mwanamvita akawapakulia ugali, maharage, na mlima wa majani ya maboga. Kisha zikaanza kugongwa sahani.

Kiranja wa chakula, Osea, kijana wa Kidato cha Nne kutoka Ibaba, alikwenda dirishani na daftari la kumbukumbu mkononi.

“Shikamoo, Mama. Kwa mujibu wa azimio, tuliahidiwa mboga.”

“Marahaba, mwanangu. Si hiyo umeishika?”

“Hii si mboga, Mama. Haya ni majani.”

“Sasa majani ya maboga kama si mboga, ni nini?”

“Ni majani, Mama.”

Kwao Pangani, mboga ni kitu cha shambani. Nyama na samaki ni kitoweo. Huku juu, chochote kinachoteremshia ugali ni mboga, na mboga yenyewe hasa, ile ya kumpa mgeni, ni nyama. Vijana walikuwa wamepigia kura nyama maradufu.

“Nami nilikuwa najua, wallahi,” anasema, huku amejishika kiuno. “Tunduma Wabemba wanakula kwangu, nyama wanaiita umunani, kisamvu wanakiita umunani. Miaka minne nimewapakulia umunani, halafu naja kuaibika kwa watoto wa shule.”

Kesi ilipelekwa kwa Mwalimu Mbonile, ambaye ni Mnyiha, mwenyeji wa huku huku, na hufundisha Kiswahili. Alisikiliza pande zote mbili kwa saa nzima, akaamua kwamba pande zote mbili zinajua Kiswahili, kwa hiyo azimio ni batili. Kura irudiwe, na safari hii Mama alitaje neno nyama.

Ijumaa iliyopita mwandishi huyu aliishuhudia. Mwanamvita hakutaka bwalo. Aliwashusha wote bondeni, akasimama kando ya chemchemi ambayo sasa ni dimbwi la kuogea bata mmoja.

“Nyama,” akaanza. Vijana wakacheka. “Nyama, nyama, nyama. Haya, nimelitaja. Maksai mmoja ni mizigo kumi na mmoja ya kuni. Maharage yaliyolowekwa ni mizigo mitatu. Nani anazibeba?”

Wanaozibeba ni wao.

“Jumamosi mtakula nyama, sijaikataa. Hata mimi naipenda. Naomba Jumatano tu.”

Osea alinyoosha mkono. “Mama, kwetu Ibaba mgeni akikuta majani mezani, anajua hapendwi. Sisi miezi tisa kwa mwaka ni wageni wako.”

Mama huyo alijifuta uso kwa kanga.

“Mwanangu, nawapenda,” alisema. “Ndiyo maana nasema. Mtihani wako ni Novemba. Haya maji yakikatika Oktoba, utarudi Ibaba na daftari lako kama wale wa mwaka jana, na mgeni wako atakuta nyama, lakini wewe utakuwa umefeli. Utaufanyia wapi huo mtihani, Osea? Niambie mimi mpishi.”

Kijana aliyatazama maji. Kisha aliwageukia wenzake, akatangaza kwamba kiranja wa chakula anaunga mkono hoja, kwa sharti moja: majani yaungwe kwa karanga. Yale ya chumvi tupu, alisema, hata mbuzi wangeitisha baraza.

Mwanamvita akakubali. Kura zikahesabiwa: mia moja themanini na saba wakataka Jumatano bila nyama, mia moja ishirini na mmoja wakapinga. Kumi na wawili hawakunyoosha mkono kokote; walikuwa wamekwenda kula matunda ya porini.

Jikoni, Mwanamvita anauchukua uma tena. Maksai wa leo, Jumatano, ni wa mwisho wa siku hiyo ya wiki, na saa sita sasa inakaribia. Anasema uzio wa bonde utaanza kujengwa Jumatatu, na ng’ombe waliobaki watachungwa upande wa pili wa barabara. Hana uhakika kama hayo yatatosha. Kiangazi bado kirefu na dimbwi ni dogo. Anaogopa, na haoni haya kusema hivyo.

“Ninachoomba ni kimoja,” anasema. “Novemba niwe hapa hapa nasonga ugali, na Osea awe darasani na kalamu yake. Akifaulu, si lazima anikumbuke. Ila akifeli, asije akawaambia watu wa Ibaba kwamba ni yale majani.”