Weusi wa Chini ya Macho

Kabla ya kugusa sura ya mteja, fundi wa picha wa mtaa wa Al Mansoura, huku ughaibuni, hupikicha kwanza macho yake mwenyewe. Kisha kipanya cha kompyuta huanza kukwaruza mezani, polepole. Sare ya kazi inageuka gauni, ukuta wa bweni unakuwa bustani, ngozi inapata michirizi ya rangi kana kwamba imechorwa kwa brashi. Neno lake ni lile lile kila siku, kwa sauti ya mtu aliyechoka kulisema: "Tulia, dada, utapendeza." Shani, msafisha vyumba wa hoteli, alikaa nyuma yake miguu ikimuuma, akitazama weusi wa chini ya macho yake ukiyeyuka kwenye kompyuta.

"Huo uache, kaka," alisema. "Mwanangu ananijua kwa picha tu. Siku nikirudi nyumbani atamtafuta huyo wa kwenye picha."

Kipanya kikanyamaza. Fundi akatazama picha yake mwenyewe ukutani, kijana anayeng'aa mbele ya maporomoko ya maji, ambaye Shani siku zote alidhani ni mwigizaji. Halafu akaanza kuurudisha weusi, jicho moja, kisha la pili.

"Mwanangu mimi alinipita uwanja wa ndege," alisema. "Na picha hiyo kaishika mkononi."