Mkaa wa Meno na Posa ya Zuhura

Aibu yangu hii nawaeleza mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine, maana wako watu wa mtaa wetu wa Mkunazini, Unguja, mpaka leo nikipita mbele yao huziba midomo kwa viganja wakajifanya wanapiga miayo, na wanaocheka zaidi ni wale ambao siku ile hata hawajazaliwa. Basi bora mnicheke mbele ya macho yangu. Ilikuwa Ramadhani, katika ile miaka ya hamsini, nami nilikuwa kijana, karani wa forodhani, kanzu zangu zinapigwa pasi mpaka zinataka kusimama peke yao, na akili kidogo sana (hili la akili nimelijua baadaye).

Nilikuwa nimemposa Zuhura. Nilikuwa nimemwona mara chache tu, dirishani kwa shangazi yake, na mara moja alinicheka kofia yangu, nikarudi nyumbani nikashindwa kula. Nampenda, hilo nasema bila ya kuficha. Wazee wangu wakapeleka posa ikapokewa vizuri, ila baba yake, Bwana Nasoro muuza vitambaa, akatoa sharti ambalo si la kawaida kwetu, kwa sababu kwetu posa huzungumzwa na wazee na mposaji hukaa kwao akangojea habari. Binti yake mkubwa alikuwa ameolewa na mtu aliyelazimishwa na wazazi wake, na mtu yule akamtelekeza mapema kabisa, basi safari hii mzee alitaka kumsikia mposaji mwenyewe.

"Nnataka aje hapa nimuulize, anijibu kwa kinywa chake," alimwambia ami yangu, Ami Hemedi. "Akinijibu vizuri, Ramadhani ikisha, Mfungo Mosi tunaozesha."

Na ilikuwa lazima niende siku ile ile baada ya Laasiri, kwani kesho yake alikuwa anasafiri kwenda Pemba.

Sasa hicho kinywa chenyewe. Daku nilikula papa mkavu na kachumbari ya vitunguu, nikalala bila ya kupiga mswaki (uvivu, hauna jina jingine), na ilipofika Adhuhuri nikawa nakiogopa kinywa changu mwenyewe. Najua, tumefundishwa kwamba harufu ya kinywa cha aliyefunga mbele ya Mwenyezi Mungu ni nzuri kuliko miski, lakini mimi nilikuwa naenda mbele ya Bwana Nasoro, na pua ya Bwana Nasoro ilikuwa kubwa. Mswaki ninao, ila sisi ni Mashafii, na kwetu ukiwa umefunga kupiga mswaki baada ya jua kupinduka ni makuruhu. Makuruhu tu, si haramu, hupati dhambi hata chembe. Mtu mwenye akili zake angepiga mswaki akaenda zake. Mimi nikaenda kuuliza, na katika mji mzima uliojaa masheikh nikaona wa kumuuliza ni Maulidi.

Maulidi alikuwa fundi wa saa, rafiki yangu, aliyefukuzwa chuo cha Kurani kwa utoro kabla hajaimaliza juzuu ya kwanza, na kwa elimu hiyo akawa mufti wa baraza yetu. Watu wazima wenye ndevu wanamwendea kumuuliza kama kunusa mchuzi kunabatilisha swaumu, naye hufumba macho kwanza, halafu ndipo akatoa fatwa. Na baraza yenyewe ndivyo ilivyokuwa, kutwa wanatema mate, ptu kushoto, ptu kulia, hupiti kichochoroni ila kwa kuruka, na hali kila mtoto wa chuoni anajua kwamba kumeza mate yako masafi hakubatilishi kitu. Halafu hao hao walioogopa mate yao wanakaa wakimsengenya kila apitaye mpaka mzinga wa kufuturu unalia, na hilo la kusengenya sikumsikia hata mmoja akiliulizia fatwa.

Maulidi akafumba macho.

"Kilichokatazwa ni mswaki," akasema. "Mkaa si mswaki. Saga mkaa, tia chumvi, tia na karafuu, usugue kwa kidole."

"Na kusukutua?"

"Usithubutu! Maji yakikupita kooni swaumu huna. Pangusa kwa kitambaa, basi."

Na mimi, mtu ambaye kazini simwamini hata mkubwa wangu akijumlisha mpaka nijumlishe mwenyewe, nikamwamini fundi wa saa. Nikasaga, nikasugua meno, nikasugua ufizi, nikasugua na ulimi kwa usalama zaidi, nikapangusa kwa kitambaa, nikapumua kwenye kiganja, karafuu tupu! Nikafurahi peke yangu. Kiooni nilijitazama, tena kwa muda mrefu, lakini nilikuwa natazama kofia.

Tulipotoka, Ami Hemedi mbele na bakora yake, mimi nyuma na joho la kuazima, ile chumvi na karafuu zikaanza kazi, mate yakajaa. Nikatema kando ya ukuta. Meusi! Nikatema tena, meusi vile vile, na hapo nikatambua mambo mawili kwa pamoja, kwamba kinywa changu ni tako la chungu, na kwamba mate haya si masafi tena, yana mkaa na karafuu, nikiyameza swaumu imekwenda. Nikatema mara nyingine.

"We, huna haya?" Ami akanigeukia. "Unaendea watu kuposa huku unatematema kama wale wapuuzi wa barazani? Fumba mdomo huo!"

Nikaufumba. Na tulikuwa tushafika mlangoni.

Sebuleni pametandikwa zulia la Kiajemi, hapana pa kutema hata tone. Bwana Nasoro amekaa katikati na jamaa zake, kanzu nyeupe kuliko yangu, na nyuma ya pazia nasikia bangili za wanawake. Nikaguna kitu kama "Mhkamoo" kwa puani, nikainama kumbusu mkono haraka ili asione kitu. Alipourudisha mkono wake akautazama, akatoa leso akaufuta, akanitazama mimi. Nikakaa. Mate yanaendelea kupanda.

Nawasikia mnauliza kwa nini sikuinuka nikatoka nje nikatema. Nilifikiri hilo. Lakini mzee huyu kaniita kwa sababu mkwe wake wa kwanza alimkimbia bintiye, na mimi niinuke nitoke mbio kabla hajaniuliza? Na kumeza nako nilifikiri, nikajiambia mtu wa dini kama mimi hamezi (mtu wa dini! nilikuwa sijasali hata tarawehe ya jana yake). Basi nikakaa nimefura mashavu, ulimi umekufa ganzi kwa karafuu, nimejikaza kwa kiburi tu.

"Mwanangu," Bwana Nasoro akaanza kwa upole, "ami yako kasema yake, nimemsikia. Sasa nnakuuliza wewe. Zuhura unamtaka kwa moyo wako, au umetumwa?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Sema, nisikie."

"Mmh."

Bangili zikanyamaza nyuma ya pazia. Nilijua Zuhura yuko hapo, anangoja. Ami akanipiga kiwiko, nami nikatikisa kichwa tena kwa nguvu zaidi, machozi yananitoka.

"Mwanamwari akiulizwa akanyamaza, tunasema karidhi," akasema Bwana Nasoro, na upole ulikuwa umekwisha. "Wewe ni mwanamwari?"

Jamaa wakacheka. Na hapo bibi yake Zuhura, Bi Mtumwa, aliyekuwa akichungulia pembeni mwa pazia, akayaona mashavu na machozi yangu, akapiga ukelele, "Maskini mtoto wa watu, kashikwa na kifafa! Mtaniulia mtu humu ndani!" Akatokea na gilasi ya maji, akanishika kidevu, akaielekeza gilasi kinywani. "Kunywa mwanangu, mgonjwa hana swaumu, kunywa."

Na mimi nikapiga kelele, "Nimefungaaa!"

Yalitoka yote. Yalimpata Bi Mtumwa ya kwanza, yakampata Bwana Nasoro kifuani na ndevuni, na mengine yakaenda kwenye zulia. Nilipofunua midomo kuomba radhi wakaona yaliyomo ndani, meno meusi, ufizi mweusi, ulimi mweusi, na mmoja wa wale jamaa akarudi nyuma akaanza kusoma dua. Ami Hemedi alichukua bakora yake akatoka, nami nikamfuata, na mpaka nyumbani hakugeuka.

Maulidi nilimkuta barazani. Akasikiliza kisa chote, akafumba macho, akasema, "Lakini alhamdulillahi, swaumu yako sahihi."

Jibu lililetwa baada ya futari na shangazi yake Zuhura, na halikuwa la Bwana Nasoro. Mzee alishacheka, alishabadilisha kanzu, na alikuwa tayari kuniita tena nikiwa nimekosha kinywa. Aliyekataa ni Zuhura mwenyewe.

"Kasema hivi," shangazi mtu akaniambia, bila hata ya kukaa. "Ulipoulizwa yeye, ulimi huna. Ulipopewa maji, ukaupata. Kasema basi kaa na swaumu yako."

Nilikuwa nshasukutua, kinywa cheupe kabisa, na hapakuwa na wa kuniuliza tena.

Zuhura aliolewa Mfungo Mosi ule ule na mwalimu mmoja wa Bububu, ambaye nasikia alisema "Namtaka" kabla hajamaliza kuulizwa. Mimi tangu hapo niliapa simuulizi mtu wa barazani hata saa ngapi, na kila Ramadhani baada ya Laasiri nakaa nje ya mlango wangu na mswaki wangu, napiga mbele za watu, na mwenye fatwa yake apite nayo. Wapo wanaosema nakusudia kuwaudhi, nao wamesema kweli. Lakini kuwaudhi hakunisaidii kitu. Ningeyameza mate yale siku ile nikasema namtaka, ningekuwa na swaumu ya siku moja tu ya kulipa, na ningeilipa nyumbani kwangu, Zuhura yuko jikoni ananipikia futari na kunicheka.