Shanga za Koko

Jumamosi iliyopita nilijificha nyuma ya vitunguu. Mtu mzima na miwani yangu, nimeinama sokoni Karatu kama mwizi wa kuku, nachambua fungu la vitunguu ambavyo wala sikuvihitaji. Kisa ni mtoto mmoja wa Kimaasai aliyepita akiita, "Koko, koko," na mwanamke wa rika langu akageuka kumwitikia. Nilimjua papo hapo kwa lile kovu lililokata unyusi wake. Tulisoma dawati moja.

Hilo neno limeniandama, nakwambia. Kwa Waswahili koko ni ile mbegu kubwa ya parachichi, halafu yupo mbwa koko, asiye na mwenyewe. Kwa Wamaasai koko ni bibi. Na kule hotelini ninakopokea wageni, Mjapani mmoja aliniambia kwao koko ni "hapa", akaelekeza kidole kwenye zulia, mara mbili, nadhani aliniona nimeduwaa. Hakuna aliyemwazima mwenzake. Kila watu walilipata kivyao wakalipa kazi yao. Sisi Wairaqw wa Rhotia bibi tunamwita aama, na Waswahili nao wana "ama" yao, isiyomjua bibi wa mtu yeyote.

Aama ndiye aliyenilea. Asubuhi niliamshwa na mlio wa ungo, anapeta maharage mlangoni huku magunzi yanafuka jikoni na uji unatokota. Alinifundisha kupukuchua mahindi bila kujichuna kidole gumba. Kiswahili alijua cha kununulia chumvi na cha kusalimia padri, basi. Nami, kwa aibu nasema, nilishaanza kumwonea haya. Nilikuwa na miaka kumi na nilijiona msomi.

Shuleni kulikuwa na kibao. Kipande cha ubao chenye uzi, kimeandikwa kwa waya wa moto: NIMEONGEA KILUGHA. Ukiteleza ukasema neno la nyumbani, unavishwa shingoni, na huwezi kukivua mpaka umnase mwingine naye ameteleza. Atakayekutwa nacho kengele ya mwisho anakula fimbo nne na kuteka maji korongoni kwa ajili ya nyumba ya mwalimu. Kikikulalia mara tatu kwa wiki moja, mzazi anaitwa kusemwa mstarini mbele ya wote. Kwa hiyo mchana kutwa tulitegana masikio. Marafiki walichokozana makusudi ili mmoja aropoke.

Wiki hiyo kilishanilalia mara mbili. Ijumaa asubuhi nikasema, bila kufikiri, "Aama amenipa parachichi," na dada mkuu akanivika. Unaona ilikofikia. Nilijua kitakachofuata ni Aama kusimama mstarini na shuka lake la bluu, anasemwa kwa lugha asiyoielewa, anaitikia "ndiyo, ndiyo" huku shule nzima inacheka. Fimbo ningezivumilia. Hilo sikuwa tayari kulivumilia.

Mwenzangu wa dawati alikuwa ametoka kule juu Ngorongoro, anakaa kwa shangazi yake ili asome. Huyo alikuwa hatelezi. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, safi kuliko chetu sote, na kwa Kimaasai hakuwa na mtu wa kuongea naye pale shuleni. Alikuwa akinigawia maziwa mgando yenye harufu ya moshi wa kibuyu, nami nikimgawia makande. Tulikuwa tumeshibana kweli.

Alasiri ile, tukifagia uwanja, bibi yake akatokea getini na kibuyu begani. Alikuwa ameshuka na gari la mnada na alikuwa hajamwona mjukuu tangu shule zifunguliwe. Mwenzangu akatupa ufagio, akakimbia, na neno likamtoka lenyewe: koko.

Nilimfuata mbio. Nilikivua kibao shingoni mwangu nikamvika yeye, pale pale, bibi yake amemshika mikono. Nyuma yangu wenzetu walikuwa wameshaanza kuimba mbwa koko, mbwa koko.

Yule bibi hakujua kusoma, wala hakujua kibao ni nini. Alichokiona ni mtoto wa watu amevua kitu cha shingoni mwake akamvika mjukuu wake mbele yake, na kwao kitu cha shingoni hakivuliwi ovyo. Akacheka kwa furaha. Akavua bangili yake ya shanga, nyekundu na nyeupe, akaniingizia mkononi, akaniwekea kiganja utosini na kusema maneno marefu, taratibu.

Mwenzangu angeweza kumwambia ukweli. Alinitazama tu, kibao kikimning'inia kifuani, akanitafsiria kwa kile Kiswahili chake cha kitabuni: "Koko anasema ahsante kwa kumpenda mtoto wake. Anasema kuanzia leo na wewe ni mjukuu wake."

Bangili sikuirudisha. Kengele ilipolia alikula fimbo nne, akashika ndoo kwenda korongoni, na mimi nikaenda nyumbani. Aama aliponiuliza shanga nimetoa wapi, nikasema nimepewa na rafiki. Akafurahi, akafunga maharage kwenye kitambaa niwapelekee wale watu, maana haifai kupokea tu. Nikayamwaga kichakani njiani. Muhula uliofuata dawati lilikuwa langu peke yangu, na hakuna aliyeniambia kwa nini hakurudi.

Bangili ninayo hadi leo, ndani ya kopo la majani ya chai, na sijawahi kuivaa tena. Kibao kimeondoka. Aama kaondoka, na Kiiraqw kimeondoka nyumbani kwangu bila mtu kukifukuza kwa fimbo. Wanangu wanajua Kiingereza cha wageni. Shuka la bluu wamelitandika kwenye gari.

Basi, vitunguu havikunificha. Nilipoinua kichwa alikuwa amesimama mbele yangu, ananitazama bila haraka, kama siku ile. Miaka yote nimeitunga samahani yangu, naijua kwa moyo. Nikafungua mdomo, nikasema mvua zimechelewa mwaka huu. Akasema ndiyo, hata kule juu. Kisha akamsogeza mjukuu wake mbele, akamwambia kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie: "Msalimie koko wako."

Mtoto akainamisha kichwa, kama watoto wao wanavyowasalimia wakubwa, akasubiri. Nikaweka vitunguu chini, nikamgusa utosini kwa mkono uleule uliomvika bibi yake kibao. Kimaasai cha kumjibia sikukijua. Nikatafuta basi hata neno la Aama, alilokuwa akinibariki nalo kila asubuhi nikienda shule, nikalikosa.