Kwa Tanga Hadi Muhuru

Mume wangu alizaliwa Muhuru, mawimbi ya ziwa yakipiga karibu na boma lao. Mimi nilizaliwa Kitui, ambako maji tuliyafuata na punda. Kwa hivyo aliponunua mashua kuukuu ya tanga pale Homa Bay, mji tulikokuwa tukifundisha, sikuwa na haja ya kuuliza nani atakuwa nahodha.

"Likizo hii hatupandi gari, Mwalimu," aliniambia. Tuliitana hivyo, nyumbani na shuleni. "Tutafuata pwani, tulale bandari hadi bandari, mpaka kwetu."

Ilikuwa Agosti, katikati ya miaka ya tisini, na ndoa yetu ilikuwa bado mbichi. Asubuhi za Agosti ziwani zina baridi inayoingia hadi kwenye meno. Nilivaa sweta mbili na soksi za kuchezea mpira za mume wangu, nikakaa mbele na chupa ya chai mapajani. Magugu-maji yalikuwa yameziba gati, tukayasukuma kwa makasia huku wauza samaki wakitutazama. Mmoja aliuliza tunakwenda kuvua nini. Mume wangu akamjibu kwa Kijaluo, wakacheka wote. Nilipotaka kujua alichosema, akasema ni mambo ya ziwa.

Upepo wa nchi kavu ulitushika mgongoni, kilima cha Asego kikabaki nyuma, na kabla jua halijawa kali nilikuwa nimeanza kuimba. Sikujua kwamba kitu kisicho na injini kinaweza kwenda hivyo.

Mbita tulilala kwa mwalimu mwenzetu. Asubuhi ndipo tulipolikabili tuta. Miaka hiyo kisiwa cha Rusinga kilikuwa kimeunganishwa na bara kwa tuta la mawe. Magari yalipita juu, mashua haikuwa na pa kupita. Ama uzunguke kisiwa kizima, ama ubebe chombo chako. Mume wangu alikuwa bado anajikuna kichwa wakati basi kutoka Rusinga liliposimama. Abiria walishuka wenyewe bila kuombwa, wanaume kwa wanawake, wakashika mashua ubavuni, wakaivusha barabara mbele ya basi.

"Na hii nayo ni abiria?" kondakta aliuliza. "Basi ikae dirishani."

Upande wa pili ziwa lilikuwa lingine. Huku tulikuwa tumetoka ghubani, ziwa liko wazi. Mawimbi yanatoka mbali na yanakuja yakiwa yamenenepa. Tulipoipita Sindo mume wangu alianza kuitazama nchi kavu badala ya tanga. Tulipofika chini ya vilima vya Gwassi, aliinama nje ya mashua akatapika chai yote.

"Ni yale mandazi," alisema.

Mandazi nilikuwa nimekula mimi. Akatapika tena, kisha akajilaza juu ya magunia na kufunika uso kwa kofia. Mashua ikaanza kugeuka, tanga likapigapiga. Nilitambaa hadi nyuma, nikashika usukani.

"Vuta kwako," alisema chini ya kofia. "Si hivyo. Legeza kamba kidogo. Unaona tanga limeshiba? Liache hivyo hivyo."

Niliogopa sana mwanzoni, halafu woga ukaisha bila mimi kujua ni saa ngapi. Mashua ilinijibu mkononi kama punda anayeijua njia ya kisimani. Tumbo langu lilikuwa shwari kabisa, na nilikuwa na njaa.

Jioni, kwenye bandari ya Karungu, mume wangu, huku amekalia jiwe imara kwa raha, alisema labda kesho apande gari hadi kwao akatafute mtu wa kuipeleka mashua, mimi nimngoje pale.

"Panda," nilimwambia. "Mimi nitatafuta mtu wa kunisindikiza, nikuletee mashua yako."

Alikula ugali wake taratibu. Asubuhi nilimkuta tayari ndani ya mashua, amelala juu ya magunia.

Ghuba ya Muhuru ilipofunguka mbele yetu, na watu wakaonekana ufuoni, aliketi na kujipangusa uso.

"Mwalimu, nipe usukani. Ni wa kwetu wale."

Nilimpa. Tuliingia yeye akiwa amesimama wima nyuma, mimi mbele nimekunja mikono kama bibi harusi. Shangazi yake, aliyemlea, aliingia majini hadi magotini kutupokea. Alimwangalia usoni, akaangalia shati lake.

"Bado unatapika?" alimuuliza kwa Kiswahili, ili nisikie. "Huyu tangu utoto tulimbeba kwenye maji akiwa amefumba macho. Nani ameileta hii mashua?"

Mume wangu alininyooshea kidole.

"Nyar Kitui," shangazi aliniita, yaani binti wa Kitui, akanishika mkono tukapanda naye nyumbani. Alinipikia samaki, ngege wa mchuzi, mzima, kichwa na mkia. Mume wangu alipewa uji.

Tulirudi Homa Bay kwa barabara kupitia Migori, yeye akisinzia kwa furaha njia nzima. Mashua tulimwachia shangazi. Kila Agosti iliyofuata nilikwenda Muhuru kabla yake, na asubuhi tulitoka na shangazi kwa tanga, wanawake wawili, mpaka upepo ugeuke.