Panya Waliokunywa Maji

"Hapana, dada, sijasema dawa ya shangazi ni uongo. Nisikilize vizuri. Nimesema panya waliokunywa maji matupu hawana sababu ya kuwa sawa na wale waliokunywa dawa. Basi."

Dada yangu alikuwa anachagua mchele wa Chumbi kwenye ungo, wala hakuinua macho. "Wewe tangu umalize kidato cha nne hakuna jambo unaloliamini. Sasa hata panya nao wamekuwa waongo?"

"Panya hawadanganyi. Watu ndio wanadanganya."

"Watu gani?"

Hilo nilikuwa silijui. Nilikuwa na shaka tu, na shaka yenyewe ilikuwa haitulii, asubuhi iko kwa huyu, mchana imehamia kwa yule.

Mwanawe alikuwa amelala kwenye mkeka pembeni yetu, mtoto wa kike ambaye bado hajaanza shule. Homa ilikuwa inakuja na kuondoka. Ukimgusa chini ya mbavu, upande wa kushoto, unakuta kitu kigumu kama kipande cha muhogo. Bandama ile imevimba. Zahanati walimtibu malaria, akapata nafuu, kisha hali ikarudi vilevile, wakasema sasa apelekwe hospitali kubwa apigwe picha ya tumbo na apimwe damu vizuri. Dada hakumpeleka. Aliambiwa na majirani kwamba mtoto wa bandama akifika huko anapasuliwa. Na shangazi, dada yake baba, akasema hakuna haja, dawa yake ya magome ya mkoko imeponya bandama za watoto wengi kule delta. Tena sasa, akasema, inathibitishwa na wataalamu.

Wataalamu wenyewe ndio sisi. Yaani mimi, na kijana mwingine wa Bungu, na Daktari.

Kituo chetu ni nyumba moja ya bati nje kidogo ya Kibiti, njia ya kwenda Nyamisati. Daktari ni mwanamke wa Dar, si daktari wa kutibu, ni wa utafiti. Alisikia habari za dawa ya shangazi akaja kuipima kwa panya weupe. Nusu ya vizimba vina utepe mwekundu, panya wake wanapewa dawa. Nusu vina utepe mweupe, panya wake wanapewa maji. Baada ya muda anawaua, anawafungua tumbo. Anaitoa bandama, ambayo kwa panya ni kitu chembamba chekundu mfano wa ulimi wa njiwa, anaipima uzito, anaiponda kwenye kichujio, anahesabu seli zake. Kabla ya kufungua anaingiza maji maalumu ndani ya tumbo la panya kwa sindano, analikanda taratibu kama mtu anayekanda mgongo wa mgonjwa, halafu anayavuta tena. Yanatoka na seli zinazokaa kwenye nafasi iliyozunguka utumbo. Zile ni walinzi. Zinameza chochote kigeni kinachoingia.

Kuzijaribu, Daktari anazitilia hamira. Hamira hii hii ya maandazi. Ukichungulia kwenye hadubini unaona seli imemeza vidonge vitatu, vinne, imejaa kama mtu aliyekula pilau la harusini. Seli iliyolala haimezi kitu. Mimi nilipenda sana kuangalia hayo. Shuleni tulichorewa seli ubaoni, ikafutwa, tukaambiwa tusonge mbele.

Panya wa kwanza kufunguliwa walikuwa wa utepe mwekundu. Bandama zao zilikuwa nzito na seli za tumboni zilikuwa zinameza hamira kwa fujo. Daktari alifurahi mpaka akamwita shangazi achungulie. Shangazi alikuwa anapika dawa nyuma ya jengo, maana Daktari alitaka ipikwe vilevile anavyoipika yeye kwao, kwa chungu na kuni. Akaja na mwiko mkononi, akaweka jicho, akasema, "Mbona kama dagaa wamemeza shanga." Jioni ile Kibiti nzima ikajua kwamba panya wa wataalamu wameikubali dawa.

Kesho yake tukafungua wa utepe mweupe. Bandama nzito. Seli zinameza hamira kwa fujo ileile.

Daktari alikaa kwenye hadubini muda mrefu. Kisha akasema, "Tusiseme kitu kwanza."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonitia shaka. Kwa nini tusiseme? Mtu anayesema tusiseme ana anachokificha. Nikakumbuka kwamba kila akienda Dar anaondoka na mfuko wa magome. Nikaanza kuwaza labda anataka dawa ionekane haifai, shangazi akate tamaa arudi kwao, halafu yeye aichukue aiite yake. Siku moja nikashindwa kuvumilia.

"Daktari, samahani. Magome unayapeleka wapi?"

Akanitazama juu ya miwani. "Chuoni. Kuna mwenzangu anatafuta ni kitu gani kiko ndani yake. Shangazi yako anajua, nimeandikiana naye mkataba. Una swali lingine?"

 Nilimuuliza shangazi, akasema ni kweli. Lakini hata hapo sikutulia, nikahamia kwa yule kijana wa Bungu. Asubuhi yeye ndiye anayesafisha vizimba, na simu haimtoki sikioni. Nikasema huyu amechanganya panya, mwekundu kamtia kwa mweupe. Nikawa namchungulia dirishani. Aliniona siku ya kwanza tu.

"Inspekta! Upelelezi unaendeleaje?"

"Nasubiri zamu yangu."

"Zamu yako ya mchana, saa hizi hata jua halijatoka vizuri. Sema tu kama umenipenda."

"Nikupende wewe? Unachanganya panya wewe."

Alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Nichanganye panya ili nipate nini, dada yangu? Bandama? Kila panya ana alama sikioni, nenda kaangalie. Ukikuta mmoja amehama nyumba, mimi nalala humo kizimbani wiki nzima."

Nikaenda kuangalia. Hakuna aliyehama. Nikaona aibu, lakini aibu haikuondoa shaka, iliiacha tu haina pa kukaa.

Nyumbani mambo hayakusubiri. Mtoto alikuwa anapewa dawa kikombe asubuhi na kikombe jioni, anakunja uso kama amelamba ukwaju. Aliwahi kuniuliza, "Mama mdogo, na panya wako wanalia wakinywa?" Nikamwambia hawalii. Akasema, "Wao hawana akili." Usoni alikuwa amepauka, viganja vyeupe. Nikimwambia dada twende hospitali, jibu ni moja, panya wamekubali. Nikisema na wa maji nao wamekubali, ananiambia nina wivu na shangazi kwa sababu watu wanamsifu yeye ambaye hakusoma.

Kisha yule kijana akapata msiba kwao Bungu, kazi yake ikawa yangu. Chupa za kunyweshea panya ni za rangi ya kahawia, zote, za dawa na za maji, kwa sababu mwanga unaharibu dawa na Daktari alitaka panya wote wafanyiwe sawa. Yule kijana huzimwaga nje mchangani. Mimi nilikuwa naogopa kukanyaga tope, kulikuwa kumenyesha, nikazimwagia ndani kwenye beseni jeupe la plastiki. Nikaanza na za utepe mweupe.

Maji yaliyotoka yalikuwa na wekundu. Si wekundu wa dawa, ule ni mzito kama chai ya rangi. Huu ulikuwa mwepesi, kama maji uliyosuuzia kikombe cha chai. Nikamwaga ya pili, ni hivyo hivyo. Ya tatu. Nikainusa. Magome.

 Huku ndani tulikuwa tunaingia sisi watatu tu, na shangazi akileta dawa. Kijana yuko msibani, na maji haya nimeyaweka mimi mwenyewe jana yake jioni, meupe kabisa. Daktari alikuwa hajafika. Nje, nyuma ya jengo, moshi wa kuni ulikuwa umeshaanza.

Shangazi alikuwa amechuchumaa mbele ya chungu, kanga ameifunga kiunoni.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mbona umekuja na beseni? Unataka kufua?"

"Shangazi, umewatilia dawa panya wa maji?"

Nilijua atakataa. Nilikuwa nimeshaandaa cha kumjibu akikataa. Akasema, "Ndiyo. Kifuniko kimoja kimoja, kila jioni nikimaliza kupika. Ya kuonja tu."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Kwani weye hujui? Kwetu dawa ya chungu ikipikwa ndani ya nyumba haimpiti mtu. Mgonjwa anakunywa chake, waliobaki wanaonja, hata mgeni aliyekuja kuomba moto anaonja. Usipofanya hivyo dawa inanuna, haishiki. Mama yangu alifanya, na miye nafanya. Hukuonjeshwa weye ulipokuwa mdogo, kaka yako anaumwa?"

Nilionjeshwa. Wote tulionjeshwa, tumepangwa mstari, tunasukumana. Nilikuwa nimesahau kabisa, au niliona ni mambo ya nyumbani, hayana njia ya kuingia kwenye chumba chenye hadubini.

"Lakini shangazi, hao ndio wa kulinganishia! Ndiyo maana wanaitwa wa maji!"

"Wanalala chumba kimoja na wenzao, harufu inawapita puani, halafu mnawanyima. Mnawaonea." Akakoroga chungu. "Tena sikuwaficha. Hakuna aliyeniuliza. Mmeniambia pika unavyopika kwenu, nimepika ninavyopika kwetu."

 Nilikuwa nimewashuku watu wote isipokuwa huyu, na huyu ndiye pekee ambaye angeniambia siku hiyo hiyo kama ningemuuliza.

"Namwambia Daktari," nikasema.

"Mwambie. Miye nimeiba nini?"

Daktari alipofika nikamwonyesha beseni. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti, akavua miwani, akamwita shangazi, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka. "Kosa langu, mama. Nilikuuliza magome, chungu, kuni, muda wa kuchemsha. Sikukuuliza nani anaonja."

"Kwa hiyo dawa inafanya kazi au haifanyi?" nikauliza. Sikuwa na subira ya adabu.

"Hatujui. Labda imeziamsha seli kwa wote, hata kwa kile kifuniko kimoja. Labda ni kitu kingine kabisa, chakula, pumba wanazolalia. Hatuna cha kulinganisha. Tunaanza upya, panya wapya, miezi."

"Na ikionekana imeziamsha, si ndiyo inaponya bandama?"

Akanitazama, nadhani ndipo alipoelewa kwamba siulizi habari za panya. "Nani anaumwa?"

Nikamweleza. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, anasikia.

"Sikiliza," Daktari akasema. "Hawa panya walikuwa wazima. Tulichokuwa tunatafuta ni kama dawa inaamsha walinzi wa mwili wa panya mzima. Bandama yao kuwa nzito si kupona, ni kwamba ina kazi. Na bandama ya mtoto kuvimba nayo ina maana ina kazi, kazi imeizidi. Ni malaria, ni kichocho, ni ugonjwa wa damu, mimi siwezi kujua, na panya hawawezi kumwambia mama yake. Mtoto ambaye bandama inashikika kwa mkono, na viganja vimekuwa vyeupe, anakwenda hospitali. Msinisubiri mimi."

 Shangazi alirudi kwenye chungu chake, nikasikia anavuta kuni kutoka mafigani, moja moja, moto ufe.

Jioni nikamweleza dada yote, beseni, kifuniko, maneno ya Daktari. Nilitegemea atalia au atanitukana. Akasema, "Sasa leo panya hawajui kitu. Jana walijua. Kesho mtasema nini? Nyie watu wa maabara mnabadilika kila siku, halafu mnataka nimpeleke mwanangu akapasuliwe tumbo kama hao panya wenu."

"Hakuna aliyesema atapasuliwa. Picha ya tumbo haimpasui mtu."

"Umeshawahi kupigwa wewe?"

"Sijawahi."

"Basi."

Akaenda kumpa mtoto kikombe cha jioni. Mtoto alikataa, si kwa ukorofi, aligeuza tu kichwa ukutani akabaki hivyo. Dada alikaa na kikombe mkononi. Nilimwona anamwekea mkono chini ya mbavu za kushoto, anabonyeza polepole, anaondoa, anabonyeza tena, mfano wa mtu anayepapasa mlango kwenye giza. Hakuniangalia. Nikajua hasira zile si zangu. Alikuwa anaogopa, na kati yetu wote alikuwa yeye peke yake asiyekuwa na wa kumuuliza.

Sikubishana naye tena. Nilipolala nilikuwa nimeshaamua. Asubuhi sitakwenda kituoni. Nitaita bodaboda mbili mlangoni, nimbebe mtoto mgongoni kwa kanga ya mama yake, na nitamwambia dada apande nyuma yetu, aje amshike mkono akichomwa sindano, na mtu yeyote akitaja kupasua aulize yeye mwenyewe mpaka ajibiwe. Na shangazi nitamwamsha kabla hajaswali aje naye, amwambie daktari wa hospitali ni magome gani, kachemsha vipi, na mtoto amekunywa vikombe vingapi. Safari hii nitahakikisha anaulizwa.